MAONGEZI YA MWALIMU: Saa Moja Iliyopotea Darajani



Likizo kubwa inakaribia. Nayajua hayo si kwa kutazama kalenda, bali kwa kutazama macho ya wanafunzi wangu, ambayo siku hizi hayatazami ubao tena, yanatazama dirisha. Juzi mmoja wao, kijana mwenye adabu nyingi na maswali mengi zaidi kuliko adabu yake, alisimama akaniuliza: "Bwana Mwalimu, ni kweli umewahi kusafiri nchi za nje?" Nikajibu kwa kujivuna kidogo kwamba ndiyo. "Ulaya?" akauliza. "La, Uganda." Darasa zima likaangua kicheko. Kwa watoto wa Butembo, Uganda si nchi ya nje. Ni mahali zinakotoka sabuni na biskuti.

Niliwaacha wacheke, maana mwalimu anayekataza kicheko katika juma la mwisho wa mwaka hupoteza nguvu zake bure. Lakini jioni, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, nilijiuliza kama hawakuwa na haki ya kucheka. Kwa kweli safari ile ya likizo kubwa ya mwaka 2023 ilinifundisha mambo ambayo sikuyatarajia, na mengine hayanipi sifa. Wazee walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nami niliokota. Hebu niwaonyeshe niliyoyaokota, hata yale ambayo ningependa kuyaficha mfukoni.

KUVUKA LUBIRIHA

Nilitoka Butembo alfajiri, nikapita Beni, nikashika njia ya Kasindi. Kutoka Butembo hata Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hata Kasindi ni 80. Mtu wa nchi nyingine akisikia hesabu hiyo atasema ni safari ya kunywa chai na kurudi. Sisi wenyeji twajua kwamba njia ile haipimwi kwa kilomita. Tangu mauaji yalipoanza katika nchi ya Beni mwaka 2014, njia ile imewaliza watu wengi, na abiria hukaa kimya hata wavuke daraja la Semuliki. Katika gari letu alikuwamo mama mmoja mwenye kuku wawili, na nawaambia, hata kuku wale walinyamaza. Tulipofika Bulongo salama, mama akacheka, kuku wakalia, na dereva akafungua redio. Hivyo nikajua kwamba hatari, kwa maoni ya kuku, imekwisha.

Huko mpakani kuna mto mdogo uitwao Lubiriha. Si mto wa kutisha. Mtoto mwenye miguu mizuri aweza kuuvuka wakati wa kiangazi bila kulowesha kaptula. Lakini ni mto wenye cheo kikubwa, maana unagawa nchi mbili, sarafu mbili, lugha mbili za shule, na pande mbili za barabara. Mwaka 1910 mabwana wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana mji wa Brussels, wakakubaliana mipaka ya nchi hizi zetu, wakapiga mstari hata juu ya theluji ya Ruwenzori. Babu zetu waliokuwa wakilima pande zote mbili hawakualikwa katika mkutano huo. Nadhani ilikuwa siku ya kupalilia maharagwe.

Ofisa wa upande wa pili alichukua karatasi zangu na kadi yangu ya manjano ya chanjo, akasoma jina langu, akatabasamu. Ninyi mnajua desturi yetu: watoto wa Kinande hupewa majina kwa mfuatano wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Mimi ni wa pili. Ofisa akasema: "Karibu, Bwambale. Hata mimi ni Bwambale." Kumbe ng'ambo ya mto, kwa Wakonzo ndugu zetu, Paluku huitwa Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, na Katembo ni Thembo. Mto ule mdogo umefaulu kubadili herufi moja au mbili tu, kwa miaka zaidi ya 100 ya kufanya kazi. Nilipomwambia "wasingya", yaani asante, alinijibu kwa lugha ile ile niliyofundishwa na mama yangu.

Kisha nikatazama saa ya ukutani, nikashtuka. Yangu ilisema saa tisa ya mchana. Yake ilisema saa kumi. Mimi mwalimu, niliyefundisha habari za majira ya dunia mara nyingi, nilikuwa nimesahau kwamba mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Nilivuka daraja kwa dakika mbili, nikazeeka dakika sitini na mbili. "Saa yangu imekwenda wapi?" nikamwuliza ofisa kwa mzaha. Akanijibu: "Tunakuwekea. Ukirudi utaichukua." Lishikeni neno hilo, wasomaji, maana nitalirudia.

UMILIONEA WANGU

Jambo la kwanza nililofanya ni kubadili fedha. Kwetu Butembo mnajua taabu ya dola: ikiwa na chozi dogo kama la sindano, muuzaji huitazama kama mgonjwa wa ukoma. Nilikuwa nimechagua noti zangu kama mtu achaguaye mbegu. Dola 300 za akiba yangu ya mwaka mzima zikawa shilingi zaidi ya milioni moja. Nilitoka hapo nikitembea kwa miguu ya tajiri. Nikawa milionea kwa muda wa siku tatu hivi. Siku ya nne nikaanza kuuliza bei kabla ya kuketi mezani, na siku ya tano nikaacha kuketi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halinipi sifa.

Hapo Bwera, karibu sana na kituo cha mabasi, anakaa shangazi yangu, dada wa pekee wa marehemu Baba. Aliolewa ng'ambo akiwa msichana. Baba alifariki mwezi wa Mei 2020. Wakati ule maradhi ya korona yalikuwa yamefunga mipaka tangu Machi, na huku kwetu Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018, ilikuwa haijatangazwa kwisha. Ilikwisha tarehe 25 Juni mwaka ule. Kwa hiyo shangazi hakuweza kuja kumzika kaka yake. Alilia ng'ambo ya mto, nasi tulilia huku. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwambia kwa simu: "Shangazi, nitakuja." Nilisema hivyo miaka mitatu.

Basi, nilipofika Bwera jioni ile na milioni yangu mfukoni, basi la Kampala lilikuwa tayari, limewasha taa. Nikasema moyoni: "Shangazi nitamwona wakati wa kurudi. Nikilala kwake leo, nitapoteza siku nzima." Nikapanda. Basi lilipita karibu na njia ya kwenda kwake. Niliona taa ndogo ikiwaka, nikageuza uso upande wa pili, kama mtu aliyevutiwa sana na habari za migomba.

MJI WA VILIMA

Asubuhi nikaamka Kampala. Nilipokewa na rafiki yangu niliyesoma naye seminari, ambaye siku hizi anafundisha Kifaransa huko. Nyumba yake ni ndogo, watoto wake ni wengi, na moyo wake ni mkubwa. Ndivyo walivyo walimu wa nchi zote.

Somo la kwanza la Kampala ni kuvuka barabara. Kwetu magari hushika mkono wa kuume. Uganda hushika mkono wa kushoto, kama walivyofundishwa na Waingereza. Nilitazama kushoto kwa uangalifu mkubwa, nikaona barabara tupu, nikapiga hatua, na bodaboda kumi na mbili zikanijia kutoka kulia. Sikuhesabu vizuri, huenda zilikuwa mbili. Mwenye moja alisimama, akanitazama tangu viatu hata kofia, akaniuliza kwa upole kama nimechoka kuishi.

Somo la pili ni salamu. Waganda wana salamu nzuri sana: "Gyebale ko." Maana yake ni kumshukuru mtu kwa kazi anayofanya. Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe, sifanyi lolote, nikipunga hewa kwa gazeti, na kila apitaye akanishukuru kwa kazi. Siku ya kwanza niliona aibu. Siku ya pili nikazoea. Siku ya tatu mtu mmoja alipita bila kunishukuru, nikamwona hana adabu. Tazameni jinsi sifa isiyostahiliwa inavyomharibu mwanadamu upesi.

Somo la tatu ni Kiswahili. Nilikwenda sokoni nikamwuliza mama mmoja, kwa Kiswahili safi cha shuleni, bei ya mafungu ya matoke. Akanikazia macho, kisha akaniuliza kwa wasiwasi: "Wewe ni askari?" Rafiki yangu alicheka hata akashika mkokoteni wa mtu. Akanieleza kwamba kwa muda mrefu Kiswahili huko kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wengi walikisikia mara ya kwanza katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Idi Amin alitoa amri mwaka 1973 kwamba kiwe lugha ya taifa. Lakini lugha ikiletwa kwa amri ya mtu kama yule, watu huiogopa hata baada ya yeye kuondoka. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Mwaka huo huo wa 2022 Kongo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nami nikafanya kazi yangu ndogo kwa jumuiya: nilimwambia yule mama kwamba mimi si askari, ni mwalimu. Akapunguza bei mara moja. Nadhani kwao pia mshahara wa mwalimu wajulikana.

Somo la nne lilihusu saa. Jioni moja, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kile kilichoanzishwa mwaka 1922 na ambacho Mwalimu Nyerere alisoma, rafiki yangu alinialika: "Twende Wandegeya, nikakununulie Rolex." Nilimkatalia kwa nguvu. Nilijua kwamba Rolex ni saa ya matajiri wa Ulaya, na kwamba watoto wake wanahitaji viatu. Yeye akasisitiza; mimi nikamshika mkono nikamsihi asijitie katika deni kwa ajili yangu. Mwisho akanivuta mpaka kwa kijana mwenye sufuria bapa la kukaangia, na kijana akanipa chapati iliyokunjiwa mayai, nyanya na kitunguu. Hiyo ndiyo Rolex ya Kampala. Nilikula mbili. Ni saa ya kwanza maishani mwangu iliyonionyesha kwamba wakati wa chakula umefika.

MSTARI WA IKWETA

Nilikwenda pia Namugongo, nikaona kanisa lile lenye umbo la nyumba ya kienyeji na nguzo 22, hesabu ya mashahidi wetu. Hapo sitafanya mzaha. Niliketi kimya, basi.

Lakini pa Ikweta nitacheka, maana nilichekwa na pochi yangu mwenyewe. Katika barabara ya Masaka, mahali paitwapo Kayabwe, kuna duara kubwa nyeupe kando ya njia, na mstari umepigwa chini. Wageni husimama mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini, wakapigwa picha. Nami nikasimama, nikanyoosha mikono kama msalaba, nikatabasamu. Kijana mmoja akaja na mabeseni matatu, akatuonyesha jinsi maji yanavyozunguka huku upande mmoja, na kule upande mwingine, na katikati yakashuka bila kuzunguka. Wageni wakapiga makofi, wakatoa fedha. Nami nikatoa, ingawa mwalimu aliyemo ndani yangu alikuwa akinivuta shati. Maana kweli ni hii: mzunguko wa dunia hugeuza pepo kubwa na tufani za baharini, lakini katika beseni dogo nguvu yake ni hafifu mno, maji huzunguka jinsi mtu alivyoyamimina. Hatua kumi kutoka kwenye mstari haziwezi kubadili lolote. Kijana yule hakuwa mwalimu wa jiografia; alikuwa fundi wa mikono, na fundi wa mikono naye hula.

Tukiwa njiani kurudi, rafiki yangu aliniuliza: "Je, Butembo ni mbali na Ikweta?" Nikafungua kinywa kujibu, nikakifunga. Butembo iko kaskazini kidogo ya Ikweta, na Lubero iko kusini kidogo. Kila niendapo Lubero ninauvuka mstari ule ule. Nimeuvuka juu ya lori la viazi, juu ya pikipiki, na siku moja kwa miguu, gari lilipokwama matopeni. Sikupiga picha hata mara moja, wala sikuwaambia wanafunzi wangu: "Simameni hapa, watoto, tumo katikati ya dunia." Nilisafiri mamia ya kilomita nikalipa shilingi kuona kile kinachopita karibu na mlango wangu.

Nilicheka, lakini kicheko kilikatika. Nikakumbuka kwamba kuna mlango mwingine niliopita bila kubisha.

MLANGO WA BWERA

Nilirudi Bwera kwa basi la mchana. Tulipita daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward. Abiria wote walisimama kutazama viboko. Ziwa Edward lile ni letu pia; wavuvi wetu wa Kyavinyonge huloweka nyavu zao katika maji hayo hayo. Liliitwa kwa jina la mwana wa mfalme wa Uingereza, na katika miaka ya 1970 likaitwa kwa jina la Idi Amin, kisha likarudia jina la kwanza. Viboko hawakuulizwa, na nadhani hawakusikia.

Nilimkuta shangazi ameketi barazani, anachambua mchele. Hakuinuka upesi, miguu yake imechoka. Nilipiga magoti kumsalimu, nikampa kanga niliyomnunulia Kampala kwa mabaki ya umilionea wangu. Akaipokea, akaikunjua, akaisifu rangi yake. Kisha akaniuliza:

"Basi lile la usiku, mwanangu, huenda kasi sana?"

Nikajua kwamba amejua. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka mpakani alikuwa jirani yake. Alikuwa amemwambia usiku ule ule: "Mtoto wa kaka yako amekuja." Naye akapika. Akaiacha taa ikiwaka mpaka usiku wa manane. Ile taa niliyoiona, wasomaji, ilikuwa yangu.

Nilianza kueleza habari za muda na ratiba, kama wafanyavyo watu waliosoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akasema bila hasira: "Baba yako alipokuwa kijana, alikuwa akija Katwe kununua chumvi. Alitembea siku nyingi, na mzigo kichwani. Hakupita hapa hata siku moja bila kubisha hodi. Na yeye alikuwa na miguu tu, hakuwa na basi."

Sikuwa na neno. Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua mchele. Ni kazi ifaayo sana kwa mtu mwenye aibu, kwa kuwa huruhusiwa kutazama chini.

Nilikaa kwake siku nne. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu walikuwamo watu kumi na mmoja, na sita kati yao walikuwa jamaa waliokimbia kutoka vijiji vya Beni. Shangazi hakuwaita wakimbizi. Aliwaita "wageni wangu," ingawa mmoja alikuwa amekaa miaka miwili. Twajua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye aliwapa jembe, na shamba la kulimia pia. Wala msidhani kwamba ng'ambo ya mto ni pepo. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka ule ule, siku chache kabla ya safari yangu, wauaji wale wale wanaotusumbua sisi waliingia katika shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha, wakaua wanafunzi zaidi ya 30. Jioni moja tulipita karibu na hapo. Watoto wa shangazi walikoma kuongea. Nami nikawaza madawati yangu ya Butembo. Mpaka ule wa mwaka 1910 umetenganisha mengi, lakini haukuweza kutenganisha machozi yetu.

Siku ya tatu binamu yangu alinipeleka Katwe. Ni ziwa dogo la chumvi katika shimo la mlima wa moto wa zamani. Watu wamechimba visima vya udongo ukingoni, na jua likiwaka sana maji hukauka, chumvi ikabaki. Wanaume huingia katika maji yale makali kutoa mabonge ya chumvi chini, na ngozi zao zaonyesha bei yake. Chumvi hiyo ilitafutwa sana hata wafalme wakaigombania, na mwaka 1891 Lugard alijenga boma hapo ili ailinde. Baadaye, kabla ya miaka ya 1980 kwenda mbali, kiwanda kikubwa kilijengwa kwa ufundi wa Wajerumani. Lakini maji ya chumvi yalikula mabomba yake, kikafa, na magofu yake yasimama. Wachimbaji wa mikono wapo hata leo. Nilisimama pale nikimfikiri Baba akiwa kijana, na mzigo wake, na njia ndefu ya kurudi, na kibisho chake mlangoni.

Usiku wa mwisho shangazi alinifungia chumvi ya Katwe katika jani la mgomba. "Mpelekee mama yako," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nami nataka kuliona kaburi. Lakini naogopa njia ile." Nilitaka kumwambia usiogope. Sikuweza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza pamoja na kuku. Nikamwambia: "Nitakuja kukuchukua." Akanitazama kwa muda. "Kwa basi la mchana?" akauliza. Tukacheka wote wawili, na ndipo nikajua kwamba nimesamehewa.

SAA ILIYORUDISHWA

Safari hii sikusema "nitakuja" miaka mitatu. Nilirudi Januari 2024, nikamchukua. Njiani alishika rozari yake mkono mmoja, na mkono mwingine alishika sikio la kiti changu. Lakini kabla ya hayo, tulipokuwa darajani Lubiriha, nilimkumbuka yule ofisa, nikamwambia shangazi: "Hapa, Shangazi, twarudishiwa saa moja. Ilikuwa saa nne. Sasa ni saa tatu."

Akasimama katikati ya daraja, akaitazama Kongo aliyozaliwa, akasema: "Saa moja tu? Mimi nawadai miaka mitatu na zaidi."

Tulifika. Aliketi kando ya kaburi la kaka yake, akalia kilio alichokiweka tangu mwaka 2020. Hatukumharakisha. Kisha akajifuta uso kwa ile kanga ya Kampala, akauliza kama kuna chai, na kama chumvi yake imekwisha.

Basi, enyi wanafunzi wangu mnaotazama dirisha: nendeni likizoni, mkatembee. Kuleni chapati zenye majina ya saa, vukeni barabara kwa uangalifu, na mkionyeshwa maji ya mabeseni, toeni shilingi mkacheke. Lakini mkipita karibu na mlango wenye taa, shukeni. Saa ya mpakani hurudishwa na ofisa yeyote. Zile nyingine hairudishi mtu.

Nami nitafanya hivi: mwaka ujao wa masomo, siku moja yenye jua, nitaliongoza darasa langu mpaka kwenye njia ya Lubero, tukaitafute Ikweta yetu wenyewe. Hakuna ada. Mabeseni hayatakuwapo. Kila mmoja na aje na kiazi chake.

Kwa leo yatosha. Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu